Kulala mlimani majira ya joto, koti la nini?

SWALI: Habari za kazi wahariri, mimi na washkaji tunataka kupanda vilima katikati ya majira ya joto, tulale juu usiku mmoja halafu asubuhi tuendelee kutembea. Wenzangu wanasema makoti na vigodoro ni mzigo tu, eti joto lipo. Mnasemaje?

JIBU: Ndugu yangu, hapo usiwasikilize kabisa. Kila mkipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, ongeza upepo na jasho mlilopanda nalo, ikifika saa tisa usiku mtatetemeka hata kama mchana mliungua jua. Na kigodoro ndo usiache kabisa, kwa sababu baridi kubwa inatoka chini, ardhi inakunyonya joto mwili mzima, tena slipingi begi (mfuko wa kulalia) ukiilalia inabanwa ile hewa ya ndani inayotunza joto, kwa hiyo hata iwe nzuri vipi upande wa chini haikusaidii. Fulana za pamba ziwe za kutembelea tu, zikilowa hazikauki haraka, weka nyingine kavu ya kulalia.

Tenti msifunge bondeni kabisa, hewa baridi ni nzito inateremka kukusanyika huko, na kileleni nako upepo, tafuteni pahali pa katikati penye kinga. Radi zikianza kusikika shukeni, hata kama kilele mnakiona pale. Maji bebeni ya kutosha, na kila mtu awe na tochi yake, msitegemee simu.