Kabla Hujamimina Unga Kwenye Mitungi

Nikiulizwa kama inafaa kutoa vyakula vikavu kwenye mifuko yake na kuvimimina kwenye mitungi mizuri yenye mifuniko, jibu langu huwa ni hili: unga, mchele, sukari na vingine vichache unavyovigusa karibu kila siku, ndiyo. Vilivyobaki viache kwenye pakiti zake. Najua jibu hilo huwavunja moyo wale walioshaona picha za stoo ambamo kila kitu kina chombo chake na jina lake limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Lakini nimekuwa nikipanga jikoni kwangu na kwa ndugu zangu kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoendelea ndivyo idadi ya mitungi ninayopendekeza inavyopungua.

Picha hizo zimeenezwa sana na runinga na mitandao. Mwaka 2019 kipindi cha Marie Kondo, mpangaji wa nyumba kutoka Japani, kilianza kuoneshwa Netflix. Mwaka uliofuata wakaja Clea Shearer na Joanna Teplin wa The Home Edit, kampuni iliyoanzia Nashville, Marekani, na mtindo wao wa vyombo vinavyoonesha ndani, lebo, na vitu vilivyopangwa kwa kufuata rangi za upinde wa mvua. Watu wengi wameyachanganya mawazo ya pande hizi mbili, na hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Kondo anaanza na swali la kipi kibaki na kipi kiondoke. Mitungi na lebo ni suala la baadaye kabisa: hicho kilichobaki kitakaaje? Anayeanza na mitungi hujikuta amenunua chombo kwa ajili ya dengu zilizopitwa na wakati ambazo hakuna mtu nyumbani anayezila.

Kwa hiyo kwanza toa kila kitu rafuni, soma tarehe, weka pamoja vinavyofanana. Utakuta pakiti za kitu kimoja zimefunguliwa hapa na pale kwa sababu ya kwanza ilijificha nyuma. Kazi hii haihitaji kununua chochote, na kwa uzoefu wangu ndiyo inayoleta nafuu kubwa kuliko zote zinazofuata.

Sasa tuje kwenye sababu ninayoiheshimu kweli ya kuhamisha chakula, nayo ni wadudu.

Chukua punje ya mchele iliyoshambuliwa na fukusi, uiweke kwenye kiganja karibu na dirisha. Utaona tundu dogo la mviringo ubavuni, kama limetobolewa kwa ncha ya sindano. Hilo ni tundu la kutokea. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba mlango kwa ute wake, hata kwa macho punje inaonekana nzima. Funza hukulia humo humo akila kiini, na katika joto la kawaida la jikoni, baada ya kama mwezi mmoja, anatoka akiwa mdudu kamili. Ndiyo maana mtu huapa kwamba mchele alioununua ulikuwa safi, naye anasema kweli kwa alichokiona.

Maana yake ni kwamba mtungi unaobana vizuri hauzuii fukusi aliyekuja na mchele wenyewe. Unachozuia ni yeye kuhamia kwenye unga, tambi na maharage ya jirani. Wale nondo wadogo wa nafaka ni wasumbufu zaidi, kwa sababu viwavi wao wanaweza kutafuna na kupenya mfuko wa plastiki laini au boksi la karatasi. Kioo, bati na plastiki ngumu hawaviwezi. Ukiwa na mitungi, hasara inaishia kwenye chombo kimoja. Bila mitungi, nimeona rafu nzima ikitupwa.

Kama una friza, weka unga au mchele mpya humo kwa siku 4 au zaidi, kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri, ukiwa bado kwenye mfuko wake uliofungwa. Baridi hiyo inaua mayai na funza. Ukiutoa, usiufungue upesi. Uache mezani hadi upoteze baridi yote, kwa sababu mfuko wa baridi ukifunguliwa kwenye hewa ya joto hukusanya unyevu, na unga wenye unyevu utaganda madonge na baadaye kuota ukungu ndani ya mtungi uliouandaa kwa upendo wote. Kwa sababu hiyo hiyo, mtungi uliooshwa uachwe wazi usiku kucha ukauke. Kupangusa kwa kitambaa hakutoshi, maana maji hubaki kwenye mpira wa mfuniko.

Huo mpira ndio wa kuutazama unaponunua. Mitungi mingi mizuri ya picha ina mfuniko wa mbao au wa bati unaokaa juu tu. Hewa inapita, na mdudu mdogo naye anapita. Jaribio langu ni jepesi: natia maji kidogo, nafunga, napindua juu ya sinki, nasubiri. Likidondoka tone, chombo hicho kitafaa kuwekea vijiko.

Halafu kuna unachokipoteza pakiti inapoingia kwenye taka. Tarehe ya mwisho wa matumizi inaondoka, na watu wengi hulikumbuka hilo. Wasichokumbuka ni namba ya toleo. Kampuni ikitangaza kwamba bidhaa fulani irudishwe kwa sababu ina kasoro, hutaja namba hiyo, na wewe uliye na mtungi usio na chochote huwezi kujua kama chako kimo. Vilevile orodha ya viambato. Mpwa wangu ana mzio wa ufuta, na dada yangu hahamishi kitu chochote chenye mchanganyiko: biskuti, nafaka za kifungua kinywa, viungo vilivyochanganywa, vyote vinabaki kwenye pakiti zake ili yeyote anayemwandalia mtoto chakula aweze kusoma mwenyewe. Marekani waliuongeza ufuta kwenye orodha ya vyakula vikuu vya mzio ambavyo lazima vitajwe kwenye pakiti kuanzia Januari 2023. Umoja wa Ulaya una orodha ya vyakula 14 vya namna hiyo. Sheria hizo zote zinamlinda mtu mradi pakiti ingali mbele yake. Nyumba yenye mtu wa mzio isiupe uzuri wa rafu nafasi mbele ya hilo.

Kwa vile ninavyovihamisha, nakata kipande cha pakiti chenye tarehe, namba na maelekezo ya kupika, nakibandika kwa tepu nyuma ya mtungi. Hakipendezi. Kinafanya kazi.

Na kuna tabia moja inayoharibu chakula kimyakimya: kujazia. Mtungi umebaki robo, mtu anamimina mpya juu yake. Wa chini haufikiwi kamwe, unakaa humo miezi na miezi huku tarehe yake ikipita. Unga mweupe unaweza kuvumilia kidogo. Unga wa ngano isiyokobolewa hauvumilii, kwa sababu kiini cha ngano kina mafuta, na mafuta hayo yakikaa muda mrefu kwenye joto na hewa hupata harufu kali na ladha chungu. Mchele wa kahawia ni vivyo hivyo. Maliza, osha, kausha, ndipo ujaze. Kama mtungi unapaswa kupokea pakiti nzima kila mara, basi saizi yake ndiyo kila kitu, na hapa wengi hununua kwa macho.

Kilo 1 ya unga wa ngano inahitaji takriban lita 2, kwa sababu unga una hewa nyingi katikati yake. Kilo 1 ya sukari au ya mchele inaingia kwenye lita 1 na robo hivi. Oti ni nyepesi mno: kilo 1 inataka lita 2 na nusu au zaidi. Mtungi wa lita 1 na nusu unaouzwa sana ni mdogo kwa unga na mkubwa kwa sukari, na ndiyo maana watu huishia kuwa na mtungi uliojaa na nusu pakiti iliyofungwa kwa mpira nyuma yake, yaani vitu viwili mahali pa kimoja. Pima kwanza unachonunua, kisha nunua chombo. Na kama rafu ni finyu, chagua vya mraba. Mtungi wa duara hutumia asilimia 78 hivi tu ya eneo la mraba unaoukalia. Iliyobaki ni pembe tupu.

Viungo ndipo ninapopingana waziwazi na mtindo huu. Kuvipanga kwenye vichupa vinavyopitisha mwanga, kwenye rafu ya wazi karibu na jiko, ni kuviua. Mwanga na joto hufifisha rangi na harufu. Pilipili nyekundu ya unga hugeuka kahawia, manjano hupauka. Viweke kwenye droo yenye giza, au kwenye vikopo vya bati, na andika jina juu ya mfuniko ambapo utalisoma ukivuta droo.

Kwa kila kisichohamishwa, kikapu kinatosha. Kimoja cha vitafunio, kimoja cha vifaa vya kuoka keki, kimoja cha pakiti zilizofunguliwa tayari ili ziliwe kwanza. Pakiti ikunjwe mdomo na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Mpangilio huo haumtaki mtu amimine chochote akirudi na manunuzi amechoka, jambo linalofaa kuamuliwa mapema na wote wanaoishi nyumbani, hasa yule ambaye ndiye huwa anabeba mifuko na kuipanga. Mitungi ni kazi inayorudi kila wiki. Kama anayetakiwa kuifanya hajaikubali, unga utabaki kwenye mfuko pembeni ya mtungi mtupu.

La mwisho ni poda nyeupe. Beking poda, magadi soda, wanga wa mahindi na sukari laini ya keki vinafanana vikiwa ndani ya kioo, na lebo ya kubandika hutoka kwa mvuke na mafuta ya jikoni. Ukivihamisha, andika kwa wino usiofutika kwenye mwili wa chombo chenyewe, maana mifuniko hubadilishana wakati wa kuosha. Na poda au kimiminika chochote cha usafi kibaki kwenye chombo chake cha asili, chenye onyo lake, mbali na rafu ya chakula, hata kama kwenye picha mtu amekiweka kwenye mtungi unaofanana na wa sukari.