Kuunda kompyuta ya gemu wakati mfuko umebana

Mtu akiniambia anataka kuunda kompyuta ya gemu na hela yake ni ya kuungaunga, karibu kila mara swali lake la kwanza ni anunue kadi gani ya picha. Namrudisha nyuma kidogo: unacheza gemu zipi, na skrini yako ikoje? Wengine huudhika, maana wameshatazama video za kutosha na kadi wameshaichagua moyoni. Ila mwenye hela ya kubana hana sababu ya kulipia nguvu ambayo macho yake hayataiona. Skrini ya 1080p ina nukta kama milioni 2 za kuchorwa kwenye kila fremu. Ya 1440p ina karibu milioni 3.7, ya 4K inafika milioni 8.3, mara nne ya ile ya kwanza. Skrini ya 60Hz nayo huonyesha picha 60 tu kwa sekunde hata kadi ikisukuma 200. Halafu kuna gemu zenyewe. Anayecheza Counter-Strike 2 au Valorant atafaidika zaidi na prosesa nzuri, na kadi ya kawaida itamtosha. Anayetaka Cyberpunk 2077 atalazimika kuelekeza hela nyingi kwenye kadi. Andika kwenye karatasi gemu tatu nne unazocheza kweli, kisha ndipo uanze kuulizia bei.

Kanuni yangu kwenye bajeti ndogo ni hii: hela ya mwanzo iende kwenye vitu ambavyo kuvibadilisha baadaye ni kubomoa mashine nzima, yaani mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vingine) na powasaplai (kifaa kinachogawa umeme). RAM, diski, kadi ya picha, hata prosesa, hivyo huongezwa au kubadilishwa mdogo mdogo kadiri hela inavyopatikana. Kompyuta ninayoitumia nimeikuza kwa njia hiyo. Ilianza na prosesa ya Ryzen 5 2600 juu ya mazabodi ya B450, pamoja na kadi ya picha ya RX 580 ya mtumba. Miaka ilivyosonga nikaweka prosesa ya Ryzen 5 5600, baadaye kadi ya RX 6600, na mazabodi ni ile ile, powasaplai ni ile ile.

Ndiyo maana bado ninaipenda soketi ya AM4, yaani aina ya kikalio cha prosesa kwenye mazabodi, kwa mtu mwenye hela kidogo. Kampuni ya AMD ilitoa prosesa za Ryzen za kwanza kwenye soketi hiyo mwaka 2017, na miaka kadhaa baadaye zikaja Ryzen 5000 zinazoingia kwenye mazabodi nyingi za zamani, mradi BIOS, ile programu ya msingi iliyomo kwenye mazabodi, imesasishwa. Sasisha BIOS kabla ya kung'oa prosesa ya zamani, kwa sababu ukiweka mpya kwanza mashine inaweza isiwake kabisa. Kwa upande wa Intel, i3-12100F na i5-12400F ni prosesa za maana sana kwa bei yake. Angalia hiyo herufi F mwishoni: ina maana prosesa haina picha zake ndani, yaani haina chipu ya kuchora picha, kwa hiyo bila kadi hutaona chochote kwenye skrini. Ryzen 5 5600 nayo haina, 5600G inazo. Anayepanga kununua kadi baadaye kabisa achukue prosesa yenye picha ndani, acheze gemu nyepesi huku akijikusanya.

Kuna njia nyingine ambayo huwa naipendekeza kwa moyo wote: kompyuta za ofisi zilizotumika. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, au Ryzen kuanzia familia ya 2000. Makampuni yameuza mashine zao nyingi. OptiPlex ya Dell, EliteDesk ya HP au ThinkCentre ya Lenovo yenye i5 ya kizazi cha 8 inakupa prosesa ya kori 6, RAM, diski na kesi (boksi la nje) kwa mkupuo mmoja, na mara nyingi kwa hela isiyotosha kununua vitu hivyo kimoja kimoja. Hilo lina uzito zaidi sasa, kwa sababu bei za RAM zilipaa mwishoni mwa 2025 baada ya viwanda kuelekeza chipu zao kwenye vituo vya data vya akili bandia.

Ila kabla ya kulipa, omba ufungue ubavu wa kesi. Kama ni ile nyembamba, kadi za kawaida hazitaingia, utabaki na zile fupi kwa kimo tu, ambazo ni chache na ghali kwa nguvu zinazotoa. Tafuta ile ndefu, ya mnara. Pima kwa rula kutoka nyuma kwenye tundu la kadi hadi kizuizi cha kwanza mbele. Kisha fuatilia nyaya za powasaplai: je, kuna plagi ya pini 6 au 8 iliyoachwa wazi kwa ajili ya kadi? Nyingi hazina, na powasaplai zake zina umbo na plagi za kampuni husika, hivyo huwezi kuchomoa na kupachika yoyote. Usipoiona plagi hiyo, basi kadi yako inywe umeme wa tundu lenyewe peke yake, ambao haupiti wati 75. Matoleo mengi ya GTX 1650 yanafaa hapo, na GTX 1050 Ti pia. RX 6400 inaingia, lakini inatumia njia nne tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na mazabodi, na kwenye mashine za kizazi cha 8, ambazo zina PCIe 3.0, hupoteza kasi kwenye baadhi ya gemu.

Sasa powasaplai, na hapa naomba unisikilize vizuri. Hiki ndicho kifaa pekee ambacho kikiharibika kinaweza kuondoka na vingine vyote, na ndicho ambacho watu hupunguzia hela kwanza. Usisome maandishi makubwa ya ubavuni. Soma jedwali dogo, kwenye safu ya +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya picha huchukua karibu umeme wao wote hapo. Zidisha ampea kwa 12. Nimewahi kushika powasaplai iliyoandikwa 500W kwa herufi kubwa, na kwenye jedwali +12V ina ampea 25. Hiyo ni wati 300. Zilizobaki zimehesabiwa kwenye mistari ambayo kompyuta ya leo haiitumii sana. Nyepesi mkononi kama kopo tupu, nayo ni dalili. Tafuta yenye cheti cha 80 Plus cha kweli na kampuni inayotoa dhamana ya miaka, ingawa cheti hicho kinapima ufanisi tu, hakikuhakikishii ubora wa vilivyomo ndani. Si lazima iwe na nguvu kubwa sana: RX 6600 imekadiriwa wati 132, Ryzen 5 5600 imekadiriwa 65, na AMD yenyewe inashauri powasaplai ya 450W kwa kadi hiyo. 450W au 550W ya uhakika inatosha na kubaki. Na kama nyaya zake zinachomoka, usichanganye na za powasaplai nyingine hata kama plagi zinaingia bila shida. Mpangilio wa pini upande wa powasaplai hutofautiana, na diski zimeungua kwa namna hiyo.

Kadi ya picha ninunue mtumba? Ndiyo, bila wasiwasi, lakini uione ikifanya kazi. Picha za muuzaji hazitoshi. Kaa nayo kwenye mashine inayowaka, fungua GPU-Z kwanza, programu inayosoma taarifa za kadi. Programu hiyo hutambua kadi nyingi za bandia, zile chipu za zamani zilizobadilishwa BIOS ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti au zaidi. Kwenye RX 580, hesabu ya vitengo vya kuchora (Shaders) iwe 2304. Ukiona 2048, hiyo ni toleo dogo na bei yake lazima ishuke. Baada ya hapo washa FurMark, programu ya kuichosha kadi, kwa dakika 10 hadi 15. Tazama joto linapotulia, sikiliza kama feni inakwaruza, angalia kama kuna vinukta vya rangi au mistari inayorukaruka. Skrini ikizima au mashine ikijiwasha upya, mrudishie mwenyewe. Kadi zilizochimba sarafu za kidijitali haziniogopeshi zenyewe. Uchimbaji wa Ethereum kwa kadi ulikoma Septemba 2022, na nyingi zilizotoka huko bado zinafanya kazi. Kinachochoka ni feni na padi za joto, na hivyo hubadilishika. Kuhusu kumbukumbu ya kadi, kwa gemu za sasa lenga GB 8. Kadi ya GB 4 itacheza za zamani vizuri, lakini kwenye mpya utaona picha zinachelewa kujaa na mchezo unagandaganda.

RAM inunue vipande viwili. Viwili vya GB 8 vinapita kimoja cha GB 16, maana prosesa inapata njia mbili za kusoma kwa wakati mmoja. Kwenye mazabodi yenye matundu manne, kwa kawaida vinakaa la 2 na la 4 kuanzia upande wa prosesa. Kitabu chake kitathibitisha. Halafu ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa juu yake. RAM nyingi za DDR4 zilizoandikwa 3200 hukimbia chini ya hapo, mara nyingi 2133 au 2400, mpaka wewe mwenyewe uziambie. Kwa anayetumia picha za ndani ya prosesa hili si dogo hata kidogo, kwa sababu RAM hiyo hiyo ndiyo kumbukumbu ya picha. Nilimsaidia rafiki yangu mwenye 5600G iliyokuwa na kipande kimoja. Tulipoongeza cha pili na kuwasha XMP, gemu aliyokuwa akiivumilia ikawa gemu anayoifurahia, bila kadi.

SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, chukua ya GB 500 kwa kuanzia, ya NVMe (huchomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi) kama mazabodi ina nafasi, ya SATA (kwa kawaida huunganishwa kwa waya) kama haina. Kwenye gemu nyingi hutahisi tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Kesi iwe na matundu mbele na feni mbili. Taa za rangi ziache.

Siku ya kuiwasha mara ya kwanza, waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, usiuchomeke kwenye mazabodi. Nimeitwa kutengeneza kadi "mbovu" ambazo shida yake ilikuwa hiyo tu. Angalia pia kwenye mipangilio ya Windows kama skrini ya 144Hz imewekwa 144, kwa sababu mara nyingi huanza na 60.

Ndani ya gemu, anza kwa kushusha vivuli, miale ya mwanga na ukungu; hivyo ndivyo vinavyokula nguvu nyingi kuliko unavyoviona. Ubora wa sura za vitu (textures) uache juu kama kadi ina GB 8, kwani unategemea zaidi kumbukumbu kuliko kasi. Gemu yenye FSR, mbinu ya AMD ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza, iweke kwenye hali ya ubora wa juu; matoleo yake ya kabla ya FSR 4 yanafanya kazi hata kwenye kadi za Nvidia za zamani kama GTX 1060. Ikifika fremu 60 zilizotulia bila kupandapanda na kushuka, acha hapo, na hela ya kadi nyingine ianze kuwekwa taratibu.