Mapishi ya bibi kwenye tovuti ya darasa

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Sayansi Kimu katika shule moja ya sekondari, Kaunti ya Kilifi. Wanafunzi wangu wanakusanya mapishi ya kwao ili tuyaweke kwenye tovuti ya darasa. Bibi mmoja amekataa katakata mapishi yake ya mkate wa kumimina yatolewe, na wazazi wengine wanauliza kama jambo hili ni halali. Je, tuendelee?

JIBU: Endeleeni, Mwalimu, lakini bibi huyo asilazimishwe wala asizungukwe kupitia kwa mjukuu wake. Kwa kawaida hakimiliki hulinda namna mapishi yalivyoandikwa, si orodha ya mahitaji. Hata hivyo, huenda mikate hiyo ndiyo inayomlisha, na kwangu radhi yake ina uzito kuliko sheria. Wazazi nao wana haki ya kuuliza, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Iombeni kwa maandishi, na picha za wanafunzi zisiwekwe.

Kazi yenyewe ina thamani kubwa. Mwaka 2009 UNESCO na Idara ya Utamaduni ya Kenya ziliwashirikisha wanafunzi wa shule za msingi katika kuorodhesha vyakula vya asili, na mwaka 2021 juhudi hizo za Kenya zikaingizwa katika rejista ya UNESCO ya mifano bora ya uhifadhi.

Ninachokihofia zaidi ni kile ambacho mpishi hakisemi kwa sababu nyumbani kwake kila mtu anakijua. Mwanafunzi akiandika mchele, tui, sukari, hamira na iliki, hajaandika mkate wa kumimina, maana hajasema kwamba mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa pamoja na tui zito, na kwamba rojo huachwa liumuke kabla ya kupaliwa makaa juu na chini. Hapo hasara ni mchele na sukari tu. Kwa muhogo mchungu, wenye sumu ya sianidi, asiyeambiwa auloweke kwa siku kadhaa na kuuanika anaweza kupoteza maisha. Kwa hiyo wanafunzi wasiridhike kumhoji mpishi sebuleni, bali wakae naye jikoni na mizani, wapime kila anachokichota kwa mkono kabla hakijaingia sufuriani, kisha wamsomee walichoandika ili asahihishe.

Bibi aliyekataa naye aalikwe kusikiliza usomaji huo. Akishikilia neno lake, mkate wake usiandikwe.