Maswali ya Wasomaji: Umeme wa Maji Taka

SWALI: Natengeneza seli ambayo bakteria wa maji taka huzalisha umeme. Nimeunganisha chupa mbili, moja ya maji taka na nyingine ya maji ya chumvi, kwa mpira uliojazwa agari (jeli ya mwani) na chumvi. Multimita, kifaa cha kupimia umeme, inasoma voliti 0.7, lakini nikiunga rezista ya omu 1,000 inashuka hadi 0.05. Je, bakteria wamekufa?
Mwanafunzi wa kidato cha nne, Morogoro

JIBU: Bakteria wako wazima, tatizo ni huo mpira. Chukua 0.7, toa 0.05, gawanya kwa 0.05, zidisha kwa 1,000. Unapata omu 13,000, ndio ukinzani wa ndani ya seli yako. Mpira mrefu na mwembamba hupitisha ioni (chembe zenye chaji) kwa shida, hivyo karibu nguvu yote inaishia humo humo.

Achana nao. Tafuta chungu cha udongo cha lita 2, kisichopakwa rangi, chenye ukuta mwembamba. Kijaze maji: nje kikitoa unyevu kama jasho, kinafaa. Ndani weka felti ya kaboni (kitambaa kinene cha nyuzi za kaboni) ya sentimita 10 kwa 20, hiyo ndiyo anodi, upande hasi unaopokea elektroni, yaani chembe za umeme, kutoka kwa bakteria. Nje zungushia kipande kikubwa zaidi kikiugusa udongo barabara. Hiyo ni kathodi, upande chanya, nayo lazima iwe na unyevu na ipate hewa. Ukikosa felti, funga pamoja vijiti vyeusi vya betri kuukuu za redio. Mkaa wa kupikia haufai. Uguse kwa multimita utaona jinsi unavyokataa kupitisha umeme.

Mimina nusu lita ya tope jeusi la chini ya mtaro, jaza maji taka hadi juu, kisha ziba kwa nta. Acha mpira mwembamba wa kutolea gesi, ncha yake ikizama kwenye kikombe cha maji. Oksijeni ikiingia, bakteria huipa elektroni ambazo zingekwenda kwenye anodi.

Waya uwe wa chuma cha pua. Majaribio mengi ya shule huharibikia hapa: shaba na zinki zikiwekwa kwenye maji taka hutoa voliti zenyewe bila bakteria yeyote, na shaba huwadhuru bakteria. Kwa hiyo andaa chungu cha pili chenye vifaa vilevile na maji safi yenye chumvi kidogo. Kikisoma sawa na cha kwanza, unachopima si kazi ya bakteria.

Unga rezista kati ya anodi na kathodi siku hiyohiyo. Waya ukiachwa wazi, vijidudu vya methani ndivyo vinavyopata nafasi ya kula. Voliti huanza kupanda baada ya siku chache, pengine wiki mbili. Vaa glavu, na vyombo hivyo visirudi jikoni.

SWALI: Chungu changu cha umeme hufika voliti 0.4, kisha baada ya siku tatu huporomoka. Kwa nini?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Njaa. Toa nusu ya maji, ongeza maji taka mapya. Usiisugue anodi: ule utando unaoteleza juu yake ndio bakteria wenyewe. Voliti zisipopanda, angalia kathodi. Ikikauka iloweshe; ikipata ukoko mweupe wa chumvi, ioshe kwa maji safi.

SWALI: Naweza kuchaji simu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Voliti 0.4 kwenye omu 1,000 ni miliwati 0.16. Chaja ya wati 5 ingedai vyungu zaidi ya 30,000. Anayetaka nishati ya kupikia na ana ng'ombe wawili watatu, ajenge mtambo wa bayogesi.

Taa ndogo inawezekana. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha West of England, Bristol, walifunga seli nyingi zinazotumia mkojo katika shule ya wasichana ya Seseme, Kisoro, Uganda, ili kuwasha taa za vyoo usiku. Hiyo ni faida kubwa kwa msichana anayetoka bwenini gizani.

LED nyekundu huhitaji karibu voliti 1.8, kwa hiyo unga vyungu vitano au sita kwa mfululizo, kathodi ya kimoja kwenye anodi ya kinachofuata. Kila kimoja kiwe na maji yake. Vikichangia maji, umeme hupita humo na voliti hazijumlishwi. Pima kila chungu peke yake kila siku, kwa sababu kimoja kikishikwa na njaa, vingine hukilazimisha kugeuza chanya kuwa hasi, na bakteria wake huharibika. Maji yanayotoka bado yana vimelea: yarudishe shimoni, usimwagilie mchicha.