Ni nani anayezaliwa tena?

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ikiwa Wabuddha hukana kuwapo kwa roho ya kudumu, ni nani basi anayezaliwa tena baada ya kufa? Swali hili linagusa kiini cha dini hiyo, na haliwezi kujibiwa kabla ya kuangalia Buddha alikana nini hasa.

Kwa mujibu wa mapokeo, muda mfupi baada ya mahubiri yake ya kwanza huko Sarnath, karibu na Varanasi, aliwaambia wanafunzi wake watano kwamba kama mwili ungekuwa ndiyo nafsi, mtu angeuamuru uwe hivi au usiwe vile, nao ungetii. Lakini mwili huugua na kuzeeka apende asipende. Akasema vivyo hivyo kuhusu hisia, utambuzi, misukumo ya nia na fahamu. Wengi humsingizia kwamba alifundisha kuwa mtu hayupo. Alichokana ni mmiliki asiyebadilika nyuma ya mambo hayo matano, ambayo yote hubadilika.

Baadaye sana, mfalme Menander, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India katika karne ya 2 KK, anasimuliwa kumwuliza mtawa Nagasena swali lenu hili hili: anayezaliwa ni yule yule au ni mwingine? Nagasena akamwuliza kama mwali wa taa iwakayo usiku kucha ni ule ule katika zamu ya kwanza na ya mwisho. Mfalme akakiri kwamba sio, lakini hakuweza kusema kwamba taa zilikuwa mbili, kwa kuwa kila mwali ulitokana na uliotangulia.

Kinachoendelea, basi, ni mfululizo wa sababu na matokeo. Ndiyo maana Buddha aliitaja karma, yaani matendo yanayozaa matokeo, kuwa ni nia, na katika zile kweli nne, mafundisho yake ya msingi kuhusu mateso, akaitaja tamaa kuwa chanzo cha mateso: hiyo ndiyo mafuta ya taa, na njia yenye sehemu nane, kuanzia mtazamo sahihi hadi utulivu sahihi wa akili, hukusudia kuyamaliza. Mtafuta-ukweli mmoja mzururaji, Vacchagotta, alipomwuliza kama aliyefikia nirvana, yaani kuzimika kwa tamaa na mateso, huzaliwa tena au hazaliwi, Buddha alikataa majibu yote mawili. Wanaoiita nirvana maangamizi wanamwekea kinywani jibu alilolikataa mwenyewe.