Msitume makoti Turkana

Tumekusanya magunia 14 ya nguo kwa ajili ya waathirika wa ukame Turkana, kaskazini mwa Kenya. Tuyasafirishe vipi kutoka Minneapolis, Marekani?

Msiyasafirishe. Swali hili nimelijibu hata nimechoka. Uzeni nguo huko huko, mtume pesa.

Pesa si zitaliwa? Si afadhali tununue unga wenyewe?

Unga nao huliwa na wajanja. Nilipokuwa Lodwar, mji wa Turkana, wakati wa ukame wa 2022, nilifuatana na bibi mmoja hadi dukani baada ya ujumbe wa pesa kuingia kwenye simu yake. Alinunua kilo mbili za unga, mafuta ya kupima, na dawa ya minyoo ya mbuzi wanne waliombakia. Kamati gani ya ughaibuni ingeandika dawa ya mbuzi kwenye orodha yake? Na mbuzi hao wakifa, mwakani bibi yule yuko kwenye foleni tena.

Kuhusu wizi, someni 2 Wakorintho 8. Paulo hakukubali changizo la kuwasaidia Wakristo wa Yerusalemu libebwe na mtu mmoja. Aliweka na ndugu waliochaguliwa na makanisa, asije akalaumiwa. Daini hesabu na risiti. Mhazini anayechukia kuulizwa, mwondoeni.

Je, tungoje Umoja wa Mataifa utangaze baa la njaa ndipo tuchange?

Jamani, hapana! Somalia ilitangaziwa baa la njaa Julai 20, 2011. Hesabu iliyofanywa baadaye ilionyesha kuwa watu wapatao 258,000 walikufa, zaidi ya nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano, na karibu nusu ya wote walishazikwa kabla ya tangazo. Maonyo yalikuwapo tangu 2010, mvua za vuli zilipokosa. Kanisa la Antiokia liliamua kuchanga mara liliposikia kwa nabii Agabo (Matendo 11) kwamba njaa inakuja. Sisi tunangoja picha za watoto waliobaki mifupa. Picha hizo, tafadhali, msizitundike kanisani. Mtoto yule ana mama, naye hakuulizwa.

Wasomali ni Waislamu. Sadaka yetu iende kwao?

Iende. Wagalatia 6:10 inasema watu wote. Na isifuatane na vijitabu vya kuhubiri: anayempa mwenye njaa chakula kwa sharti la dini anamnunua, na wenyeji wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Akina mama wetu wanataka kutuma maziwa ya kopo ya watoto wachanga.

Waacheni wasitume. Maziwa hayo yakikorogwa kwa maji ya dimbwi wanakokunywa ngamia pia, mtoto anaharisha, na kwa mtoto aliyedhoofu kuharisha ndiko kunakoua. Mlisheni mama, naye atanyonyesha.

Mchungaji wa huko ametutumia picha kwa WhatsApp na namba yake ya kupokelea mchango.

Msitume hata senti. Pigeni simu ofisi ya dayosisi yake, kwa namba mliyoitafuta wenyewe, si aliyowapa yeye.