Aliyeipima yakuti upya

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni mvumbuzi gani ambaye kazi yake tunaitumia kila siku lakini jina lake hatulijui? Mimi namtaja Theodore Maiman, Mmarekani aliyetengeneza leza ya kwanza duniani, yaani kifaa cha kutoa mwali mmoja wa mwanga ulionyooka. Mimi ni fundi redio, na yeye alianzia hukuhuku kwenye redio.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1927, akakulia Denver. Baba yake alikuwa mhandisi wa umeme, na kijana mwenyewe alijipatia pesa ya chuo kwa kutengeneza redio na vyombo vya umeme vya watu. Baadaye alisoma Stanford hadi akapata uzamivu wa fizikia mwaka 1955, msimamizi wake akiwa Willis Lamb, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka huohuo. Ila mimi nampendea ile habari ya yakuti.

Mwaka 1958 wanafizikia Charles Townes na Arthur Schawlow waliandika jinsi leza inavyoweza kufanya kazi, na maabara kubwa zikaanza kukimbizana. Ilitakiwa kitu kinachomeza mwanga na kuurudisha. Yakuti nyekundu, lile jiwe la thamani, wengi walikuwa wameiweka kando, kwa kuwa kulikuwa na kipimo kilichoonyesha kwamba inarudisha kama asilimia 1 tu ya mwanga inaoumeza. Maiman, akiwa Hughes Research Laboratories kule California, alikuwa ameshaifanyia kazi yakuti na kuizoea. Akaamua kupima mwenyewe. Akapata kama asilimia 75.

Sisi mafundi tunalijua hili. Mteja analeta redio na kukwambia fundi wa kwanza kasema transfoma imeungua. Unaweka mita, transfoma nzima, kumbe ni waya tu umeachia. Ungeyashika yale maneno, ungemtia mtu gharama bure.

Tarehe 16 Mei 1960 kifaa chake kikawaka. Kilikuwa kidogo cha kuenea kiganjani: kijiti cha yakuti chenye urefu wa sentimita 2 hivi, ncha zake zimepakwa fedha ziwe vioo, na ncha moja imeachiwa kitundu katikati. Kimezungukwa na taa ya flashi ya wapiga picha iliyojiviringa kama springi, na vyote vimo ndani ya kopo la alumini linalong'aa. Flashi ikipiga, atomi za kromiamu ndani ya yakuti zinaunyonya ule mwanga, kisha zinatoa mwanga mwekundu. Huo unakwenda na kurudi kati ya vile vioo, kila safari ukiamsha mwingine wa aina yake, mpaka unachomoka kwenye kitundu ukiwa mwali mmoja ulionyooka.

Jarida la Physical Review Letters liliikataa makala yake. Nature ikaichapisha tarehe 6 Agosti, maneno kama 300 tu. Magazeti yalikuwa yametangaziwa habari hiyo New York mwezi Julai, na baadhi yakaandika kuhusu mwali wa kuua watu! Hata picha iliyosambaa haikuwa na kifaa chenyewe. Mpiga picha alikiona kidogo mno, akataka Maiman ashike taa kubwa zaidi.

Nobel ya mwaka 1964, kwa kazi iliyozaa leza na ndugu yake "maser" inayotumia mikrowevu badala ya mwanga, ilikwenda kwa Townes na Warusi wawili, Basov na Prokhorov. Hao walistahili, sitawapunguzia chochote. Lakini aliyeiwasha leza ya kwanza alifariki Vancouver, Kanada, mwaka 2007 bila kuipata Nobel, na hilo linaniuma. Heshima nyingine alipewa: Tuzo ya Wolf ya fizikia, Tuzo ya Japani mwaka 1987, na nafasi katika jumba la kitaifa la wavumbuzi la Marekani mwaka 1984. Ni kubwa, lakini mtaani nani anazijua?

Jana nilikuwa nasafisha lenzi ya deki ya DVD kwa pamba na spiriti. Leza ya humo haina yakuti. Ni ya semikondakta, aina iliyoanza kutengenezwa na wengine mwaka 1962, miaka miwili baada ya Maiman kuonyesha kwamba jambo lenyewe linawezekana. Kijana ninayemfundisha kazi aliuliza kale kataa kekundu kanatoka wapi. Nikaweka pamba chini, nikaanza kumsimulia.